Filamu ya Kawira na Mkutano wa Jumapili

Mdogo wangu mpendwa, Mama Kawira,

Kosa tunalofanya wengi ni kudhani kwamba ukishamwona tapeli kwenye filamu, ukamcheka, basi hawezi tena kukupata. Unisamehe kwa kuanza na hilo kabla ya salamu. Sijalala vizuri tangu Jumanne.

Sasa salamu. Mnaendeleaje hapo Ishiara? Mvua imefika, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kunyesha Kianjokoma? Na mgongo wa shemeji, ule uliomsumbua wakati wa kuvuna ndengu, umepona? Mimi ni mzima, ila goti linalalamika. Huku Uingereza giza huingia mapema, na mimi ndiye huwachukua wajukuu shuleni, nikitembea kama kuku kwenye matope kwa kuogopa kuteleza. Mwanangu na mkewe hurudi kazini wamechoka hata kuongea. Mchana nakaa peke yangu na runinga.

Ndivyo nilivyoiangalia tena ile filamu ya Kawira. Nilitaka tu kusikia sauti za nyumbani. Unakumbuka ilivyompa jina binti yako, alipoigiza yule msichana wa kampuni inayowalaghai wakulima kwa mbegu zisizokuja. Kabla ya hapo alijulikana kwenye tamasha za shule tu. Baada yake, hata kununua nyanya sokoni ni kelele: "Mwizi wetu amekuja! Ficheni mikoba!" Naye anacheka, na wanamwongezea nyanya.

Mara ya kwanza nilimwangalia yeye peke yake. Wewe pia, nina hakika; mama ataangalia nini kingine? Safari hii nimewaangalia wale akina mama waliokaa ukumbini. Hawakuwa waigizaji. Walichukuliwa Ruiri siku ile ile ya kupiga picha, wakaambiwa waketi wasikilize. Mwanamume mwenye tai anaongea maneno mengi, nao wanapiga miayo. Kisha Kawira anashuka jukwaani, anamshika mkono bibi mmoja, anamuuliza habari za wajukuu kwa Kimeru kile alichojifunza kwa nyanya yake. Yule bibi anafungua fundo la leso na kutoa noti.

Kawira alitusimulia Krismasi, nilipokuja nyumbani, kwamba hakuna aliyemwagiza bibi kufanya hivyo. Walimrudishia noti yake, lakini jioni, vyombo vya kupigia picha vikipakiwa garini, alimfuata Kawira akamuuliza, "Na mbegu zitakuja lini, mwanangu?" Tulicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Safari hii sikucheka. Yule mama aliona kamera, aliona taa, aliambiwa ni filamu, na bado aliamini.

Hapo ndipo ujumbe wako wa sauti wa Jumanne uliponikuta. Ulikuwa na furaha: kampuni ya miche ya miembe imemwalika Kawira kwenye ukumbi wa kanisa Jumapili, baada ya ibada. Ukasema, "Wanataka avae lile gauni la kijani, na awasalimie akina mama vile vile kama kwenye filamu."

Anayemtaka mwigizaji kwa ajili ya shangwe humwambia avae apendavyo. Hawa wameisoma filamu ile kama mwanafunzi asomavyo kwa ajili ya mtihani, na wameona kwamba nguvu haikuwa kwa mwenye tai. Elewa, mdogo wangu: tapeli mzuri haombi uyaamini maneno yake. Humwazima mtu unayemwamini tayari, akamsimamisha mbele yako. Na watu watakapocheka kwamba mwizi wa filamu amefika, kicheko hicho ndicho kitakachowalegeza.

Nilipopiga simu uliweka sauti juu ili Kawira naye asikie.

"Tata, mama yangu mkubwa, umezeeka mpaka unaogopa sinema!" akasema.

Nikamuuliza, "Hiyo miche umeiona?"

"Iko Embu, tata. Mimi kazi yangu ni kusalimia tu."

"Na kwenye filamu, kazi yako ilikuwa nini?"

Kabla hajajibu, wewe ukaingilia, "Dada, baridi ya huko imekuingia kichwani. Mwache mtoto afanye kazi yake," mkacheka wote wawili. Ndiyo maana naandika. Karatasi haiwezi kuingiliwa katikati ya sentensi.

Labda nimekosea. Labda miche ipo, imepangwa mistari, na mtanitania mpaka nife. Lakini fikiria pamoja nami. Watu hao wana gari. Siku wakiondoka hakuna atakayejua walikopinda. Kawira ana lango, nalo ni lenu, na Ishiara nzima inalijua. Nimewahi kuona watu waliopoteza akiba wakienda kwenye boma la mtu. Walikuwa waumini, majirani, wengine niliwafundisha kusoma. Hawakwenda kuongea. Kila nikifumba macho naona lango lenu, na nyuso zile za ukumbini ziko nje yake, na mimi niko huku ambako hata nikipiga kelele hamnisikii.

Sikuambii umfungie ndani. Ni mtu mzima, na akikatazwa tu atakwenda kwa siri. Nataka akatae mwenyewe.

Nisalimie shemeji, umwambie asibebe magunia. Msalimie mama mkwe wako kule Ruiri, na jirani yetu anayetukamulia mbuzi, na mwinjilisti. Huyo muulize ni nani aliyewaruhusu watu hao kuutumia ukumbi.

Mke wa mwanangu, ambaye leo hakwenda kazini, ataipiga picha barua hii na kukutumia kwenye simu sasa hivi. Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda na ambaye leo nina hofu.

Leo, kabla ya kuwasha moto wa jioni, mketishe Kawira kando yako, muitazame tena filamu ile pamoja, na macho yenu yawe kwa yule bibi.