Aliyesahau Mvua

Jumapili, 30 Novemba 2025

Chepkoech amepata tarehe. Jumatano ya wiki ijayo, tarehe kumi, atasimama mbele ya mahakama ya marabi, wampime kama yuko tayari kuwa Myahudi. Ameniambia nikiwa naosha masufuria, nimempa mgongo. "Edna, nimeitwa. Aki siamini." Nikageuka, nikamkumbatia na povu mikononi. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mimi sijaitwa.

Naandika hapa kwa kuwa pengine pa kusemea sina. Mimi ndiye niliyeanza. Mimi ndiye niliyesimama nje ya sinagogi Ijumaa moja nikitoka kazini, nikasikia wanavyoimba, nikashindwa kuondoka. Nikamtafuta Mama Audrey anifundishe. (Audrey ni jina lake mwenyewe. Mama tumeongeza sisi.) Chepkoech alikuwa mpangaji mwenzangu tu kwenye hii besimenti huku ughaibuni, Mkenya wa Kericho, anauliza kwa nini sufuria za nyama nimezitenga na za maziwa. Nikamweleza. Nikampeleka kwa mkono wangu.

Sasa yeye anakuwa Myahudi, na mimi ndiye dereva. Hana gari.

Sababu naijua. Yeye ni mtu wa ofisi, Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi niko nyumba ya wazee, na msimamizi ananipanga shifti ya Jumamosi, moja ndiyo, moja hapana. Rabi alisema kwa upole kwamba mtu anayefanya kazi siku ya Sabato, yeye hawezi kumpeleka mbele ya mahakama. Bado. Hiyo "bado" nimelala nayo mwaka mzima.

Na kuna hili. Akishaongoka, chakula nikipika mimi peke yangu, nisiye Myahudi, hataruhusiwa kula, labda awe amewasha jiko yeye. Jiko nililolinunua mimi. Nimesoma tena nihakikishe. Ndivyo ilivyo.


Jumanne, 2 Desemba

Somo kwa Mama Audrey, mimi na Chepkoech, mezani kwake, na chai isiyo na maziwa. Leo ilikuwa mvua. Kuanzia Alhamisi jioni, ndani ya sala ya kusimama, pale tunapoombea mwaka, hatusemi tena "toa baraka" peke yake. Tunasema "toa umande na mvua viwe baraka." Hivyo mpaka Pasaka.

Ukisahau je? Ukikumbuka mapema, kuna mahali mbele pa kuichomeka. Ukikumbuka umeshamaliza na kurudi nyuma zile hatua za mwisho, unaanza sala yote upya. Na kama hukumbuki ulisema au hukusema? Mama Audrey anasema kwa mwezi wa kwanza hivi, ulimi unafuata mazoea. Asiye na hakika ahesabiwe amesahau. Arudie.

Nikafikiri: kwetu Tukuyu mvua hainyeshi kwa kuombwa, inanyesha mpaka viatu vinaota ukungu. Nilitaka kulisema hilo wacheke. Chepkoech akaniwahi — ati Kericho nako ni hivyo hivyo, mvua kila alasiri, hawajawahi kuibembeleza. Mama Audrey akacheka sana. Maneno yangu, kasoro jina la mji.

Kiebrania changu kinamzidi. Mama Audrey mwenyewe alisema hivyo, lakini ilikuwa kitambo.


Alhamisi, 4 Desemba

Lazima niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Nilifika sinagogi mapema. Kabla ya sala ya kusimama mzee mmoja upande wa wanaume akapiga meza kwa kiganja, akatangaza: umande na mvua! Ndivyo wanavyokumbushana. Tukasimama. Hapo ndipo Chepkoech akaingia mbio, koti bado mwilini, treni ilichelewa. Hakusikia tangazo. Akafungua kitabu chake, akaanza.

Ningeweza kumwonyesha kwa kidole ule mstari. Kuongea katikati ya sala hiyo hairuhusiwi, lakini kidole si maneno. Niliona nafasi hiyo, nikatazama kitabu changu.

Chepkoech hunong'ona kama mtu anayesoma gazeti. Nilimfuata neno kwa neno. Akafika kwenye mwaka. "Toa baraka." Akapita. Hakuna umande, hakuna mvua.

Moyo ukaruka. Naandika jinsi ulivyoruka: kwa furaha. Nikamsikiliza mpaka mwisho nione kama ataichomeka mbele. Hakuichomeka. Akarudi nyuma hatua zake, akainama, akamaliza.

Kwenye korido akanishika mkono. Aliuliza kwa wasiwasi wa kweli.

"Edna, mimi husoma kwa sauti kidogo. Uliniskia? Nilisema mvua?"

"Ulisema."

"Kweli? Nilikuja nikikimbia, sina uhakika hata kidogo."

"Nilikusikia, Chepkoech. Ulisema."

Akashusha pumzi. "Asante. Ningerudia yote. Na wewe, ulikumbuka?"

Nikaitafuta sala yangu. Hakuna kitu. Maneno yake yote ninayo kichwani, pumzi kwa pumzi, na yangu hata moja silipati. Nilisoma? Midomo ilikuwa inatembea, najua. Ilisema nini, sijui.

Nikamwambia sina hakika.

"Basi rudia," akasema. "Mimi nakungoja."

Watu walikuwa wameanza kuondoka. Nikarudi nyuma ya pazia letu la wanawake, nikasimama, nikaanza upya. Yeye akakaa kwenye benchi karibu na mlango. Hajala tangu mchana. Akamwomba mzee wa taa asizime kwanza, kuna mtu anasali. Nilimsikia anamwomba.

Nilipofika kwenye mvua nilitamka kila herufi. Halafu nikakwama. Sikujua niendelee vipi kuongea na Mungu, na huyu mtu amekaa pale ananisubiri.


Ijumaa, 5 Desemba

Nilipanga kumwambia asubuhi. Alikuwa anaimba akipiga pasi. Nikaenda kazini.

Theluji kidogo. Kuku yuko ovenini kwa ajili ya Sabato. Chepkoech amesema paja ni langu.


Jumapili, 7 Desemba

Jana nilifanya shifti. Gari nililiacha, angalau nisiendeshe mimi; nilipanda basi mchana wa Sabato nikiwa na yunifomu, nikawapita watu wa sinagogi wakitembea na watoto wao. Mmoja akanipungia mkono. Afadhali asingenipungia.

Leo Chepkoech ameniomba nimuulize maswali, kama mtihani. Tumekaa kitandani na daftari lake. Sabato, jikoni, sikukuu. Anajibu taratibu, anakosea machache. Nikafika kwenye sala. Sikutaka kuuliza, ila swali lilikuwa pale, mwandiko wake mwenyewe: mtu asiyejua kama amesema mvua?

"Anarudia," akasema. "Lakini kama kuna mtu alimskia, amwamini huyo." Akanigusa bega. "Kama wewe."

Nikageuza ukurasa.

Halafu akasema kitu. Alisema anaogopa kuongoka peke yake. Ati amemwandikia Mama Audrey aongee na rabi juu ya kazi yangu, na amenitafutia tangazo la hospitali moja ambako wauguzi wasaidizi hupangiwa Jumapili badala ya Jumamosi wakitaka. Ameliweka kwenye simu tangu wiki jana, alikuwa anasubiri nisiwe nimechoka. Nikamwambia asante. Nikaenda kukaa ndani ya gari. Baridi. Nilimchukia zaidi kuliko siku zote, na sijui nimchukie kwa lipi.


Jumatano, 10 Desemba

Chumba cha kusubiri. Viti vya kitambaa, picha ya mlima. Mama Audrey ameenda kuandaa taulo upande wa birika la kuzamia, ambako mtu huzama majini ndipo ahesabiwe ameongoka. Chepkoech yuko ndani na marabi watatu. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Ametoka. Hajaitwa kwenye birika bado, wamempa dakika chache. Macho yana machozi, ila anacheka. Amekaa karibu yangu, anaongea kwa kasi, nusu Kiswahili nusu Kiingereza.

Wamemuuliza juu ya mvua. Mkubwa wao alitaka kujua kama amewahi kusahau. Akawaambia hapana, alikuwa na shaka Alhamisi, lakini rafiki yake alimsikia. Na akawaambia habari za huyo rafiki — kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika, na hakuna aliyemwona, angeweza kwenda zake nyumbani, lakini alirudi akasali yote upya watu wakiondoka. Akawaambia na Jumamosi zangu, na jinsi ninavyolia.

Sikuwahi kumwambia kwamba nalia. Kumbe kuta ni nyembamba.

Yule mkubwa amesema: huyo yuko wapi? Yuko hapo nje? Basi aingie tumwone.

"Edna, wanakuita," anasema. "Si mahakama, ni kuongea tu. Lakini wanakuita."

Nimemwambia anipe dakika, namalizia mstari. Anadhani naandika dua.

Chepkoech, Alhamisi ile hukusema mvua. Nilikusikia, hukusema.

Nimeandika kwanza nione kama mkono utakubali. Mkono umekubali; umebaki mdomo. Yeye amesimama, ananinyooshea kola ya shati, anasema imekunjika. Mlango uko wazi, na rabi kijana ameushika, anatutazama sisi wawili kwa zamu, hajui ni yupi kati yetu aliyeitwa.