Mikuki ya Sport

Bunia, Rwambuzi, mwezi wa tano 1974

Yaya na ndugu yangu mupendwa Tharcisse,

Jambo sana. Nauliza kwanza afya yako, ya bibi yako Angèle, na ya ule mutoto wenu siye hatujamuona hata na macho. Kazi ya douane, ile ya ushuru hapo mupaka wa Aru, inaendelea? Mama iko muzima, magoti tu njo inamusumbua. Mimi pia, mwili iko muzima, lakini roho, yaya, roho haiko. Naandika haraka, usicheke maandiko yangu.

Unajua masomo yetu, ile shule ya njia ya Nizi: kalasi sita, uwanja moja, na mbuzi za watu ndani. Mwaka huu prof wetu wa sport, Gérard, alisema lazima na siye tushindane na masomo ya Bunia. Javelot, mukuki ya kurusha kwa sport, hatukuwa nayo hata moja. Prefe, mukubwa wa masomo, citoyen Mbuyi, alisema ya kutoka Kinshasa tutaingojea mpaka tuzae wajukuu, basi akaruhusu prof aende kwa muhunzi atufulie mikuki. Mimi narusha mbali kupita wasichana wote, na wavulana wengine pia, si kujisifu.

Ijumaa camion ya kutubeba mpaka mashindano ya Bunia haikukuja. Prof akasema miguu tunayo, twende mbio pole pole. Jua ikatuwakia vibaya. Wavulana wakavua maillot, nguo za mashindano, zisichafuke, wakabaki vifua wazi, wote tukajifunga majani ku kichwa, mikuki ku bega. Ili tusichoke nikaanzisha nyimbo moja ya nyumbani, na wenzangu wakaitika kwa nguvu. Tulikuwa na furaha, yaya.

Ku soko ndogo ya kuingilia muji, mama moja alituona, akaangusha beseni ya sombe, majani ya muhogo, akalia kwamba Simba wamerudi, wale waasi wa soixante-quatre, 1964, waliokuja vile vile na majani ku kichwa na mikuki. Mama yangu! Soko yote ikakimbia. Siye tukafikiri kuna hatari nyuma yetu, basi na siye tukakimbia, kuwafuata, mikuki mukononi! Walivyokimbia, tukaogopa zaidi. Tulivyowafuata, wakalia zaidi. Hakuna hata moja wetu aliyefikiri kutupa mukuki chini.

Kisha askari wakafika, wakatulaza ndani ya vumbi. Wakamupiga prof Gérard na vitako vya bunduki. Aliwaeleza mambo ya javelot, na moja wao alishaanza kucheka, nikafikiri imeisha. Kisha mukubwa wao akauliza nani alitufundisha ile nyimbo. Nikaficha uso ndani ya vumbi. Prof akaniangalia, akajibu kwamba ni yeye. Wakamufunga kamba, wakaenda naye. Sasa prefe anasema mikuki hakuijua hata kidogo, na kesho asubui wanafunzi wote tunaitwa kwa askari kujieleza.

Niliporudi nyumbani nilimuuliza Mama ile nyimbo iko na ubaya gani. Akanifunga kinywa na mukono yake yenye harufu ya makayabu, samaki ya chumvi. Akalia, akaniambia. Yaya, ile nyimbo ni ya Simba, na weye njo ulikuwa unaniimbia, ukinibeba ku mugongo, nilipokuwa mudogo. Miaka yote nilijua ile mwaka ya waasi ulikuwa Butembo kwa mama mudogo. Kumbe ulikuwa na wale Simba. Sikuhukumu, ulikuwa mutoto. Lakini nakuogopea sana.

Jana Élise, bibi ya prof, alikuja na mutoto wake wa kunyonya, akaketi hapa ku kiwanja, akauliza kama tunajua nani alileta nyimbo. Mama akasema hatujui. Na mimi nikainamisha kichwa. Siwezi tena, yaya. Kesho nitasema ni mimi nilianzisha. Wataniuliza nilijifunza kwa nani, na mimi najijua: fimbo ya kwanza nitalia, ya pili nitataja jina yako.

Kwa hiyo ondoka. Vahwere, jirani yetu, anapeleka chumvi Aru leo, ameahidi barua hii ataitia mukononi mwako mwenyewe. Ukiisha kuisoma, beba Angèle na mutoto, muvuke mupaka, usirudi ku bureau ya kazi hata kuaga. Nisamehe. Ningeweza kunyamaza, ungebaki salama. Lakini ule mutu amefungwa juu ya kosa yangu.

Nawasalimia wote watatu, na mutoto mumubusu mara mingi kwa ajili yangu. Salamu ya Mama nakupa mimi, sababu yeye hajui kama naandika.

Mudogo wako,
Kavira