Koki ya Chini ya Tangi

Jumatatu, 8 Machi 1993

Mvua tangu alfajiri. Nimelehemu karai moja na birika la jirani. Wateja wengine hakuna. Siku hizi kila kitu ruksa, plastiki zimejaa sokoni, nani atamletea fundi karai lililotoboka?

Mchana nimechukua kopo la mafuta ya kupikia, nimelilaza ubavu. Hilo ndilo tangi. Gwakisa, rika langu, anataka kituo cha mafuta cha treni yake ya kuchezea kiwe tayari Pasaka.

Vingine vyote kwenye reli yake ya mezani vipo. Stesheni ya mianzi. Daraja la spoku za mwavuli. Handaki. Kichwa cha treni alitumiwa na binti yake aliye Dar, cha Kichina, kinakwenda kwa betri. Kituo cha mafuta tu ndicho hakipo. Ameniachia mimi. "Kule relini wewe ndiye ulikuwa mtu wa mafuta, bwana. Mimi dereva tu." Anasema na kucheka. Mimi sicheki.

Jumatano, 10 Machi

Nimepita hospitali, hapa hapa Makandana, kuomba mipira ya dripu iliyokwisha tumika. Nesi, mgeni kutoka Mara, akanitazama juu mpaka chini. "Mzee, unataka kujitundikia dripu nyumbani?" Nikamwambia ni ya treni ya kuchezea. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Hata hivyo kanipa miwili, imechemshwa.

Kile kigurudumu chake cha kubania kinafaa kuwa koki. Mpira wa kwanza ni wa kujazia kichwa mafuta. Wa pili nimeutia kwenye droo. Najua ni wa nini. Sitaki kuuona.

Jumamosi, 13 Machi

Lufingo kwa miguu. Tope hadi vifundoni.

Gwakisa alikuwa kwenye stoo yake ya zamani ya kahawa, ndiko ilipo meza ya reli. Macho yanamwisha. Kisukari. Daktari kamwambia la kulia ndiyo basi, la kushoto halitamaliza mwaka. Ananieleza kama mtu anayesoma ratiba ya treni. Anachotaka ni kuiona reli yake nzima mara moja, haina pengo, kabla giza halijafunga. Mashamba na ng'ombe ameshawagawia wanawe, wala havimsumbui.

Mkewe akaleta ndizi na maharage. Nikasema nimeshiba, shemeji. Miaka tisa nasema nimeshiba. Akaondoa sahani.

Kwetu rika hakatai chakula cha rika. Ukikataa, ama unamwona mwenzio mchawi, ama una lako moyoni. Najua wanavyonisema huko Lufingo. Waseme.

Jumanne, 16 Machi

Nguzo nne. Paa la bati. Pampu ya kifuniko cha kalamu. Nimeweka na sanduku la mchanga, maana kichwa cha treni hakinywi mafuta tu, kinabeba na mchanga wa kumwaga relini magurudumu yasiteleze mlimani. Watu wengi hawajui hilo. Nimejisifu kidogo. Kisha nikachukia kujisifu.

Tangi limekaa juu ya vigogo vyake. Chini ni zima. Sikutoboa.

Alhamisi, 18 Machi

Niandike basi. Daftari halina mdomo.

Chini ya tangi la dizeli kuna koki. Maji huingia tangini, ya mvua na ya jasho la bati, yakakaa chini, maana dizeli ni nyepesi. Kila asubuhi mtu wa mafuta anafungua koki, anamwaga maji mpaka ije dizeli tupu, ndipo anajaza vichwa. Halafu anaandika kitabuni.

Mimi nilikuwa naandika kwanza. Mkubwa wetu alikuwa hataki kuona doa la dizeli kitabuni. Kwa hiyo naandika mikono ikiwa misafi, "Maji: hakuna", ndiyo naenda kufungua. Miaka kumi na moja hivyo. Halikuharibika jambo.

Asubuhi ile, miaka tisa iliyopita, nimekwisha andika. Gwakisa akaniita toka dirishani kwenye kichwa chake: njoo tule, ndizi za mke wangu zinapoa. Rika akikuita kula, humwambii ngoja. Nikaenda. Tukala, tukacheka. Nikanawa mikono, nikamjazia. Koki sikuigusa.

Injini ikanywa maji, ikamzimikia mlimani. Mabehewa matatu yakakatika, yakarudi nyuma, yakalala korongoni. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Wakubwa wakaja, wakasoma kitabu. Maji hakuna. Basi, uzembe wa dereva. Gwakisa akafukuzwa kama mwizi. Mimi waliniuliza mara moja tu. Nikajibu: ni kama ilivyoandikwa.

Mwoga. Neno ni hilo, sina jingine.

Mimi nikaendelea na kazi mpaka tulipopunguzwa juzijuzi, nikaagwa kwa hotuba na soda.

Jumamosi, 20 Machi

Nimempelekea kituo. Nilikifunga kwa khanga ya marehemu mke wangu, mvua isikiharibu.

Nilitegemea macho yake yasione. Kumbe sasa anaangalia kwa vidole. Akapapasa paa, akapapasa pampu, mpira, mchanga. "Aah! Fundi wewe!" Vidole vikashuka chini ya tangi. Vikatafuta. Vikarudi, vikatafuta upya.

"Asajile, koki ya kumwagia maji iko wapi?"

Nikasema nimesahau.

"Umesahau tena?"

Nikakibeba nikaondoka nacho. Sikuaga vizuri.

Jumapili, 21 Machi

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia.

Tena. Watu wanaongea hivyo. Unakwenda wapi tena? Umekasirika nini tena? Neno la kujazia tu. Au siyo. Nimelitafuna siku nzima. Kama anajua, kwa nini ananiita ndugu yangu? Kama hajui, basi nimekaa miaka tisa namtazama mtu akilima chai kwa mikono ya udereva, nami nakataa ndizi zake, nikidhani hiyo ni toba. Pumbavu mimi.

Jumatano, 24 Machi

Nimetoboa tangi. Nimetoa mpira wa pili kwenye droo. Nimelehemu kibomba chini, nikauvika. Nimeungua kidole cha shahada. Sikupaka kitu.

Jumamosi, 27 Machi

Nimemwambia.

Nilisimama, sikukaa. Nilianza na kitabu, nikamalizia na ndizi. Shemeji alikuwa ameshafika na sahani yake, akasikia yote akiwa mlangoni.

Gwakisa alikuwa ameshika koki mpya ya kituo nilichomrudishia. Aliizungusha muda mrefu. Akasema siku ile mlimani alifungua chujio, maji yakammwagikia mikononi. Aliwaambia wakubwa. Hawakumwamini, kitabu kilikuwa kimeshasema. "Nikafikiri ni mvua imeingia baadaye. Sikukudhania. Halafu ukaanza kushiba. Kila ukija, umeshiba. Nikajua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja ule."

Shemeji akaweka sahani chini kwa kishindo. "Miaka tisa natazamwa kama napika uchawi. Kumbe ni koki!" Akatoka. Nilimsikia uani akilia, au akicheka, sijui.

Gwakisa akasema, "Nenda kwanza, bwana." Nikaenda. Njiani nilikuwa mwepesi, na nilikuwa na aibu, vyote pamoja.

Jumanne, 30 Machi

Hakuna neno kutoka Lufingo. Mvua.

Jumanne, 6 Aprili

Hakuna neno. Nimetengeneza vibatari sita ambavyo hakuna aliyeviagiza. Najiambia nimestahili. Ni kweli nimestahili. Ila inauma.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Nilitaka kwenda. Nimefika mpaka mwisho wa lami, nikarudi. Aliniambia nenda, hakuniambia rudi.

Jumatatu ya Pasaka, 12 Aprili

Asubuhi mama muuza ndizi kaniletea salamu: Gwakisa anasema njoo, stoo inavuja.

Kweli inavuja. Maji yalidondokea pembe moja ya meza, juu ya kituo changu. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse reli. La kulia limeshafunga. La kushoto anasema bado lina ukungu wa kutosha. Ndani ya tangi alikuwa ametia mafuta ya taa, ndiyo dizeli yetu. "Mtu wa mafuta," akasema, "kazini."

Kwenye msumari alikuwa ametundika daftari la shule, jipya. Nikalichukua, nikachomoa kalamu mfukoni. Mazoea.

"Fungua kwanza," akasema.

Nikafungua. Yalitoka maji, yapata kijiko kimoja, kisha mafuta ya taa. Nikafunga. Nikafuta mikono kwenye suruali, haikutakata. Nikaandika: Maji: yalikuwepo. Yametolewa. Ukurasa una doa kubwa.

Tukajaza kichwa kwa kujifanya tu, kina betri. Akakiwasha. Kikatoka kituoni, kikavuka daraja, kikaingia handakini, kikatoka, kikarudi kusimama penye mafuta. Alikifuata kwa shavu kando ya reli, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka betri zikachoka.

Shemeji akaleta ndizi. Hakunisalimu. Kaweka sahani moja, katikati yetu, na maji ya kunawa. Nimenawa. Zilikosa chumvi, sikusema. Tumekula mpaka sahani ikaisha.