Nyeupe Kwanza, Nyekundu Baadaye

Mpendwa dada,

Kamwene. Tangu tukuzike nilikuwa naikwepa mada yako ya chumvi zisizoyeyuka, lakini leo hapa Makambako, katika somo la kemia, zamu yake imefika, nikaifundisha. Darasa zima limekosea palepale tulipokosea mimi na baba. Nimecheka peke yangu ubaoni, wanafunzi wakadhani nimerukwa na akili.

Unakumbuka baba alivyoziweka ripoti zetu mezani, yako ya zamani na yangu, akazipima kama magunia ya viazi? "Dada yako kidato cha pili alileta hivi. Wewe unaleta hivi! Basi, shamba la Kifanya linakungoja." Nililia hadi kwikwi. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kazi ya maabara pale shuleni Njombe, na hukubishana naye. Jumamosi ukatuita maabara, baba na mabuti yake ya matope.

"Baba, nikidondosha maji yenye fedha iliyoyeyushwa humu kwenye maji ya kloridi na kromati, zitatokea chumvi mbili zisizopenda kuyeyuka, kloridi nyeupe na kromati nyekundu. Namba ya kuyeyuka ya nyekundu ndiyo ndogo. Ipi itatangulia kutuama?"

"Nyekundu. Si ndiyo ndogo?" Nami nikaitikia kama kasuku.

Ikatuama nyeupe! Baba akakukazia macho. "We mtoto, unanichezea?"

"Subiri, baba." Ukaendelea tone kwa tone, hadi kloridi ilipokaribia kwisha majini, ndipo wekundu ukaenea na kubaki. Ukatueleza kwamba nyeupe humeguka vipande viwili, nyekundu vitatu, na namba hupatikana kwa kuzidisha viwango vidogo sana vya vipande hivyo; vikizidishwa vitatu, namba hushuka zaidi. Kwa hiyo nyekundu ina namba ndogo, na bado inayeyuka zaidi. Huwezi kuzilinganisha kavukavu. "Na huyu mdogo wangu, baba, usimpime kwa namba zangu."

Baba akakuna kichwa. "Haya, arudi shule. Tutaisubiri hiyo nyekundu." Lo, dada, nilikupenda siku ile!

Mwaka huu nilipopangiwa kufundisha, mzee hakusema hata hongera. Alinishika mkono, machozi yakimlenga, akasema, "Nyekundu imetokea." Kisha akageuka kuangalia kiti chako.

Nimekukumbuka sana. Na nikwambie ukweli, nina hasira nawe kidogo. Wewe ndiye uliyetuambia tusubiri. Mbona wewe hukusubiri?

Lala salama, dada yangu.

Mdogo wako,
yule wa nyekundu