Nani Anagusa Glovu Yangu

Jumanne, 4 Februari

Nimerusha mipira ukutani tena nyuma ya nyumba, kabla ya shule. Jirani kagonga dirisha. Agonge tu. Bega liko sawa, mkono uko sawa, lakini mpira unateleza vidoleni. Siyo jasho. Jasho langu nalijua.

Kocha katangaza leo. Mgeni wa chuo kikuu kimoja cha Marekani anakuja Jumamosi ya tarehe 15 kutafuta mrushaji. Mmoja. Akimpenda, atasomeshwa kule na kucheza besiboli. Kwenye timu yetu warushaji ni wawili, mimi na Lwazi. Lwazi ndiye wa kwanza kunipa mkono na kunipongeza. Kunipongeza kwa lipi? Hata sijachaguliwa.

Naandika kwa Kiswahili. Shuleni hakuna anayekisoma, na mdogo wangu Neema kazaliwa hapahapa Malvern baada ya sisi kuhamia nchi hii, anakisikia tu. Afadhali.

Alhamisi, 6 Februari

Mazoezi mabaya. Mipira mitatu imepaa juu ya kichwa cha mdakaji. Nimenusa glovu. Inanuka mafuta, na ndani, pale mpira unapotulia, kuna utelezi. Mtu kaniwekea kitu.

Jana hatukuwa na mazoezi, glovu ilikuwa nyumbani. Ila jioni Lwazi alipita kuazima chaja. Alikaa sebuleni, mfuko wangu ubavuni pake. Na mimi, mjinga, nikaenda kumletea maji.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemwambia Mama. Mama anashona nguo, mchana pale Jules Street na jioni nyumbani, mambo ya besiboli hayajui na hayamhusu, lakini leo kaacha hata mkasi. Kauliza jina la kijana mara mbili. Kasema alijua. Pasta aliona tangu Januari kwamba kuna mkono unazuia nyota yangu.

Nimefarijika. Angalau mtu mmoja ananiamini.

Jumatatu, 10 Februari

Eish. Jumamosi niliisafisha glovu kwa mchanga na kitambaa mpaka ikakauka kabisa. Leo utelezi umerudi, tena mbaya zaidi. Jana tulishinda kanisani na nyumba ilifungwa. Sasa Lwazi kaingiaje?

Nimekagua dirisha la chumbani. Komeo limelegea. Pale hata paka mnene anapita. Na kutoka mtaa wao wa Observatory mpaka hapa siyo mbali, akitaka anakuja kwa miguu. Nimefunga dirisha kwa waya. Neema kanicheka. Namwangalia Neema naye, maana siku hizi anamsifia sana Lwazi.

Jumatano, 12 Februari

Nimempelekea kocha habari za Lwazi. Sina ushahidi, nina glovu tu. Kainusa, kaipitishia kidole, kakunja uso. Kamwita Lwazi.

Lwazi kakataa katakata. Wakati anakataa alikuwa ananitazama mimi, siyo kocha. Sikulipenda lile jicho. Kocha kasema mpaka jambo lieleweke, Lwazi asionekane uwanjani Jumamosi. Hatupaki mafuta kwenye glovu za wenzetu, kasema.

Nimefurahi. Ndiyo, nimefurahi. Halafu chakula cha jioni nikamwachia Neema.

Jumamosi, 15 Februari

Asubuhi nimetoka kuoga nikamkuta Mama mezani, glovu yangu mapajani, kichupa mkononi. Mafuta ya upako, yale yanayoombewa kanisani. Anachovya kidole, anapaka kona kwa kona, anaomba kwa sauti ya chini. Hivyohivyo ndivyo alivyokuwa akinipaka kifuani nikiugua utotoni.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu Januari, mwanangu. Na tangu uniambie habari za yule kijana, ninaongeza."

Kumbe. Nilichukua glovu, nikaisugua kwa sabuni na gazeti kuukuu mpaka ngozi ikapauka. Mama alisimama mlangoni akidhani najiandaa.

Uwanjani kocha aliniuliza kama leo glovu iko salama. Nikajibu iko salama. Nafasi ya kusema mengine ilikuwepo, ilikuwa pana kabisa, na nikaiacha.

Nimerusha vizuri kuliko siku zote. Mgeni kauliza jina langu, kaandika, kanipa mkono. Wenzangu wakanibeba. Nilikuwa natafuta nyuso zao moja moja, nani anajua. Hakuna anayejua.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani kwetu, Mungu akikutendea jambo unasimama mbele unashuhudia. Mama kasimama. Kawaambia mwanawe alikuwa na adui shuleni, Mungu kamfunua na kumwondoa njiani. Kamtaja kwa jina. Makofi, vigelegele. Pasta akaniita nami nisimame.

Nikasimama. Nimejichukia.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemweleza kocha yote, pamoja na Jumamosi. Hakufoka. Ningependa afoke. Kampigia mgeni palepale, wakaongea kwa muda mrefu, mimi nikitazama viatu vyangu. Mgeni anataka video ya Lwazi. Ataamua baada ya kuiona. Nafasi ni ileile moja.

Kisha nikamfuata Lwazi mwenyewe nyuma ya madarasa. Nimemwambia habari ya kichupa, ya Mama, ya dirisha nililolifunga kwa waya. Nilidhani atacheka, au atanipiga. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Ungeniuliza tu," kasema.

Akaondoka.

Jumanne, 18 Februari

Mdakaji anaumwa. Kocha alikuwa na simu tayari kurekodi na hakuna wa kudaka. Nimechuchumaa mimi kudaka.

Lwazi hakunitazama usoni hata mara moja. Alirusha tu. Mpira wake unakuja umenyooka, halafu mwishoni unazama ghafla. Kutoka benchi sikuwahi kuuona vizuri hivi, au sikutaka kuuona. Ni mzito kuliko wangu. Nadhani hilo nililijua kabla ya mafuta, kabla ya chaja, kabla ya yote.

Video imetumwa.

Kiganja kimevimba. Nimekiloweka kwenye maji ya chumvi. Mama kakiona, kauliza ni nani kanifanyia hivi. Nimemwomba azime cherehani, akae, nimweleze.