Begi la Nashoni Halitapanda Basi

Iyunga, Mbeya
9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Silvester,

Pokea salamu kutoka kwetu huku kwenye baridi. Natumaini wewe na dada yangu, mama yako, hamjambo huko Mwanza. Goti lake limepata nafuu? Mwambie asiache kulikanda kwa maji ya moto hata kama maumivu yametulia. Na wale vifaranga aliokuwa akinisifia kwenye simu wamekua, au kipanga ameshawapitia?

Sisi ni wazima wa mwili. Ukungu wa asubuhi unachelewa kuondoka, na baba yako mdogo Andendekisye anatoka nyumbani amevaa makoti mawili kama mtu anayehama. Kifua kinamsumbua kidogo, lakini anakula.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu nashindwa. Nikianza kulia wewe unanyamaza, nikisikia umenyamaza naanza kukubembeleza, mwishowe salio linakwisha hatujasema lolote. Kwenye karatasi nitalia peke yangu na wewe utapata maneno.

Uliniomba nikutumie kwa basi lile begi la mgongoni la marehemu mwanangu Nashoni, ili mwezi wa nane uende nalo Malawi, ile safari mliyoipanga ninyi wawili. Usidhani nimechelewa kwa uchoyo. Ni hofu, mwanangu.

Nakumbuka siku mliyoipanga. Nilikuwa nachagua maharage mezani. Nashoni akachota mengine akayapanga mstari mrefu, akasema hili ndilo ziwa, hapa Karonga, hapa Chitimba, hapa Nkhata Bay, tutadandia magari ya bei rahisi, tutalala kwenye hema, tutakula mihogo na dagaa. Wewe ukamuuliza, "Na mvua ikinyesha?" Akajibu, "Tutalowa." Mkacheka mpaka mkamwamsha baba yenu. Jioni nikayakusanya maharage nikayapika, Karonga na Chitimba zote tukazila. Mpaka leo sichagui maharage bila kuliona ziwa lile.

Basi ulipoleta ujumbe kwamba utakwenda peke yako, nikaanza kuhangaika. Pale sokoni Mwanjelwa napakana na Asmaa, muuza vitenge, ambaye huvuka mpaka pale Kasumulu kwenda Karonga kibiashara. Nikamuuliza kila kitu. Akanieleza kuhusu wabadilisha fedha wa mpakani wanaokunja noti ili moja ihesabike mbili, kuhusu kichocho cha ziwani, na mamba kwenye midomo ya mito. Nikamuuliza kama mahema yana kufuli. Akasema, "Mama Nashoni, hema ni kitambaa."

Kesho yake nilifika sokoni mapema. Nikamsihi Asmaa akutafutie wenyeji, naye hakuchoka. Karonga akapata familia moja ya watu wazuri, na tena lugha yao na Kinyakyusa chetu zinasikilizana. Wewe uliyekulia Usukumani ukisema "ndaga" tu, ile asante yetu, watakupakulia chakula. Chitimba akapata mwalimu, Nkhata Bay akapata mama mmoja anayeuza samaki. Na njiani ukija huku, hapo Iringa, mjomba wako Yotamu ameshachagua jogoo wa kukuchinjia. Nikafurahi sana. Safari nzima haikuwa na usiku hata mmoja ambao hungekuwa na mwenyeji.

Ndipo ukanijibu, "Asante mama mdogo, lakini safari yenyewe ni kulala tusikojulikana. Ndivyo Nashoni alivyotaka."

Neno hilo lilinichoma, nawe hukuwa na nia mbaya. Ulifika siku ya mazishi, na siku ile hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusimulia. Nashoni alipopata ajali ya pikipiki pale Mlima Nyoka, simu yake ilivunjika na hakuwa na kitambulisho. Kuanzia asubuhi hadi jioni alilala hospitali akiitwa mtu asiyejulikana. Mimi saa hizo nilikuwa sokoni, napima ndizi na kutaniana na wateja. Kwa hiyo ninyi vijana mkisema kulala msikojulikana, mnalisema kama kitu kitamu. Mimi nasikia lingine.

Hata hivyo nilijaribu kutimiza ombi lako. Alhamisi nilikwenda na begi stendi, kwenye ofisi ya vifurushi. Dada wa pale akaniuliza, "Ndani kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu."

"Begi tupu! Sasa niandike nini?"

"Andika begi la Nashoni."

"Nashoni ndiye mpokeaji?"

"Hapana."

"Mtumaji?"

"Hapana, binti yangu."

Akacheka, akaweka kalamu chini. "Jamani mama, lazima niandike mtu anayejulikana!"

Hakujua alichokisema, maskini. Nikamwambia samahani, nikalichukua begi, nikatoka.

Nje kulikuwa na manyunyu na mikono yangu ilikuwa na vitu vingine, nikalivaa mgongoni. Nilipopita Mwanjelwa wenzangu wakaanza, "Mama Nashoni, watalii wamekuacha?" Asmaa akawajibu, "Mwacheni, anakwenda Ulaya, atatuletea chokoleti!" Nikacheka. Sikuwa nimecheka pale sokoni tangu msiba. Nilitembea hivyo hivyo mpaka nyumbani, mikanda ikinibana mabegani pale pale alipoifunga yeye.

Nilipofika, baba yako mdogo aliliangalia begi, akaenda kutafuta kipande cha mshumaa, akaketi kuisugua zipu iliyokuwa inakwama. Unajua asivyo na maneno. Zipu ilipoanza kuteleza akasema, "Mpe mtoto. Likikaa hapa litaliwa na panya." Nikamwambia naogopa usije ukaanguka mahali wasipokujua. Akasema, "Yule mama wa viazi naye hakumjua."

Ni kweli, nami nilikuwa nimeanza kumsahau. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi kando ya barabara aliacha magunia yake, akamfunika Nashoni kwa kitenge chake, akapanda naye kwenye gari la watu, akakaa naye hospitali mpaka jioni sisi tulipofika tukimtafuta. Aliniambia tu, "Pole mwenzangu, sikumwacha." Sikumuuliza hata jina. Kitenge kile kilibaki kwangu. Nilikifua nikakiweka sandukuni.

Kwa hiyo, Silvester, nimemwambia Asmaa awashukuru wale watu wa Karonga na wenzao, wasikungoje. Nenda kama mlivyopanga. Lowa, kama itabidi kulowa. Hofu yangu haijaisha, na sidhani kama itaisha. Nitakaa nayo hapa hapa mpaka urudi. Sitaki uibebe wewe, utakuwa na mzigo wa kutosha.

Lakini nimefanya jambo moja bila ruhusa yako. Begi lile Nashoni alilinunua mtumbani, na ndani ya mfuniko lilikuwa na jina la mzungu fulani. Chini yake nimeshona kitambaa cheupe, na kwa uzi mweusi nimeandika: Silvester, mtoto wa Damari na Andendekisye, Iyunga, Mbeya, na namba zetu za simu. Mama yako asikasirike, yeye nimemwandika mstari wa juu yetu. Lala usikojulikana, mwanangu, ila begi lijue wewe ni wa nani.

Ndani yake nimeweka kile kitenge. Ukisikia baridi jifunike. Ukikutana na mtu anayekihitaji kuliko wewe, mwachie, usinirudishie.

Na begi halitapanda basi. Itapanda barua hii. Njoo ulichukue mwenyewe, ulale kwetu, halafu nitakusindikiza mpaka Kasumulu kama mgeni anavyosindikizwa, nitakomea kwenye lango la mpaka. Usiniambie ni mbali. Jogoo wa mjomba Yotamu yuko pale pale. Iringa si Malawi, huko utalala unakojulikana.

Msalimie sana dada yangu na wadogo zako wote. Baba yako mdogo anakusalimu, na Asmaa anasema uzihesabu noti moja moja, mbele ya macho yao.

Mungu akutangulie njiani na akukutanishe na watu wema, hata wale ambao hutawajua majina.

Nakupenda, nakungoja,
Mama yako mdogo,
Damari

Nimesahau kukuambia: mikanda sijailegeza. Nashoni alikuwa na mabega membamba kuliko yako, na mimi sikuweza. Ukija utailegeza mwenyewe, nikiwa nimekushikia begi.