Salamu Yangu Ndani ya Maktaba

Shikamoo Mama. Naamini mvua imeiacha migomba yako imesimama hapo Kasulu.

Asubuhi hii nimeingia jumba jipya la utamaduni lenye maktaba, kando ya bustani kubwa ya jiji. Ungecheka! Limesimama juu ya nguzo, na zege lake halikupigwa lipu. Wewe ungemwita fundi arudi amalizie kazi. Kuta za upande wa bustani zina matundu kama chekecheke, upepo unaingia utakavyo. Katikati wameacha wazi: ukisimama chini unaona ghorofa zote mpaka paani.

Nikakuta watu wamejaa, wanasoma kimya. Sasa mimi uliyenilea wewe, nitawapitaje watu bila kuwaamkia? Nikainama, nikapiga makofi yetu ya salamu, nikasema, "Mwakeye!" Lo, jumba lote likavuma kama ngoma! Vichwa vikainuka. Mtunza vitabu akaweka kidole mdomoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mara makofi yakajibu kutoka ghorofa ya juu kabisa, taratibu, kama ya kwetu. Bibi mmoja alikuwa ameegemea ukuta mfupi, kitabu kwapani, uso wote kicheko. "Mwakeye, mwanangu! Mimi wa Kibondo, wewe je?" Hata mtunza vitabu akashindwa kujizuia, akacheka.

Mama, siku ninaondoka ulilia ukiuliza nani ataniitikia huku ugenini. Lala usingizi sasa, mama yangu. Nimeitikiwa.

Mwanao akupendaye,
Butoyi